Kupima Nusu-uhai wa Potasiamu-40 kwa Kigunduzi cha Sintilesheni: Mwongozo wa Maabara

Katika kila atomi 10,000 za potasiamu, ziwe zimetoka kwenye ndizi, kwenye mbolea au kwenye misuli ya binadamu, ni moja hivi tu iliyo ya isotopu ya potasiamu-40. Isotopu hiyo ni asilimia 0.0117 ya potasiamu yote ya asili, na nusu-uhai wake ni takriban miaka bilioni 1.25. Hakuna anayeweza kukaa na saa mkononi akisubiri ipungue ikafika nusu. Kinachowezekana ni kuhesabu mambo mawili: atomi ngapi zipo katika sampuli, na ngapi kati yake zinaoza kila sekunde. La kwanza hupatikana kwa mizani. La pili hupatikana kwa kigunduzi cha sintilesheni, yaani kifaa chenye kristali inayotoa mmweko wa mwanga inapopigwa na mionzi, na ndilo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mwanafunzi au mwalimu wa fizikia mwenye kigunduzi cha kawaida cha iodidi ya sodiamu iliyotiwa thaliamu, chenye kipenyo cha inchi 3 na urefu wa inchi 3, pamoja na kichanganuzi cha chaneli nyingi, kinachohesabu mipigo ya umeme na kuipanga kwenye chaneli kulingana na ukubwa wake, na vipande vya metali ya risasi vya kukingia mionzi. Nimechagua potasiamu-40 kwa sababu kloridi ya potasiamu hupatikana kwa urahisi, haihitaji ulinzi maalumu, na kila kosa la upimaji hujionyesha humo waziwazi. Jambo moja ningependa msomaji alishike tangu mwanzo: wengi hutumia muda wao karibu wote kupima sampuli, ilhali matokeo huharibikia kwenye ufanisi wa kigunduzi na kwenye mionzi ya mazingira. Kwa hiyo hatua hizo mbili ndizo nilizozieleza kwa urefu.

Mwanga unavyogeuka kuwa namba

Potasiamu-40 inapooza, mara 89 hivi katika kila 100 hutoa chembe ya beta na kugeuka kuwa kalsiamu-40. Mara zinazobaki hunasa elektroni yake yenyewe na kugeuka kuwa argoni-40, na karibu zote kati ya hizo huambatana na mwale mmoja wa gama wenye nishati ya kilo-elektronivolti 1,460.8, kipimo ambacho kuanzia hapa nitakiandika keV. Kwa ujumla, asilimia 10.66 ya atomi zinazooza hutoa mwale huo. Chembe za beta huishia ndani ya sampuli na kwenye ganda la alumini la kigunduzi, kwa hiyo tunachofuatilia ni gama peke yake.

Gama ikiingia ndani ya kristali na kuacha nishati yake yote, kristali hutoa mmweko wa mwanga wa buluu unaoelekea zambarau, wa fotoni 38 hivi kwa kila keV. Kwa mwale wa potasiamu-40 hiyo ni zaidi ya fotoni 50,000, na nyingi kati yake hutoka ndani ya muda ulio chini ya milioni moja ya sekunde. Tyubu ya fotomaltiplaya iliyogandishwa nyuma ya kristali huugeuza mwanga huo kuwa elektroni, kisha huzizidisha kwa mamia ya maelfu au kwa mamilioni, hadi mpigo wa umeme unaotoka uweze kupimika. Ukubwa wa mpigo huwiana na nishati iliyoachwa ndani ya kristali, na huo ndio msingi wa kazi yote inayofuata. Zamani watafiti waliofanya kazi na Ernest Rutherford walikaa gizani wakihesabu kwa macho mimweko kwenye skrini ya salfaidi ya zinki. Robert Hofstadter alipoonyesha mwaka 1948, huko Marekani, kwamba iodidi ya sodiamu yenye thaliamu kidogo hutoa mwanga mwingi inapopigwa na gama, ikawezekana kuhesabu mimweko na kupima ukubwa wa kila mmoja kwa wakati uleule.

Hatua ya 1: Kagua kristali kabla ya kuwasha chochote

Iodidi ya sodiamu hunyonya unyevu wa hewa kuliko chumvi ya jikoni, na ndiyo maana imefungwa ndani ya ganda la alumini lisilopitisha hewa. Katika miji ya pwani, ambako unyevu hukaa juu mwaka mzima, mshono mmoja uliolegea unatosha kuiua kristali. Nimewahi kupewa kigunduzi kilichokuwa kimekaa kabatini miaka kadhaa, na nilipokimulika kwa tochi upande uliotenganishwa na tyubu, niliona doa la manjano mfano wa alama ya chai kwenye kitambaa cheupe, likianzia ukingoni na kuingia ndani kama sentimita moja. Hiyo ni iodini iliyojitenga baada ya unyevu kupenya. Kristali ilikuwa bado inatoa mipigo, lakini kilele cha sizi-137, yaani rundo la mipigo ya nishati moja kwenye grafu ya kichanganuzi, kilikuwa kimepanuka kiasi kwamba mistari ya jirani ilimezana.

Kipimo cha afya ya kristali ni rahisi. Weka chanzo cha sizi-137 mbele yake, pata kilele cha 662 keV, kisha pima upana wa kilele hicho kwenye nusu ya kimo chake. Gawanya upana huo kwa 662. Kigunduzi kizima hutoa asilimia 7 hadi 8. Ukipata asilimia 10 au zaidi, usiendelee na kazi hii kabla ya kujua sababu, ambayo inaweza kuwa kristali iliyoharibika, mguso mbaya kati ya kristali na tyubu, au mwanga wa chumbani unaopenya kwenye kifuniko.

Vyanzo vya mionzi vya kusanifia, hata vile vidogo vilivyofungwa ndani ya plastiki, vina sheria zake. Nchini Tanzania vipo chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki, na kila nchi ina mamlaka yake. Hakikisha maabara ina kibali, na kila chanzo kina cheti kinachoonyesha unururifu wake, yaani atomi ngapi zinaoza kila sekunde, na tarehe ulipopimwa.

Hatua ya 2: Panga volteji na mizania ya nishati (uhusiano wa chaneli na nishati)

Pandisha volteji ya tyubu polepole hadi kiwango alichopendekeza mtengenezaji, ambacho kwa vigunduzi vingi vya aina hii kipo kati ya volti 600 na 1,000. Kisha kiache kifaa kikiwa kimewashwa kwa saa kadhaa, na ikiwezekana usiku kucha, kabla ya kuanza kupima. Tyubu iliyotoka kuwashwa hubadilika taratibu, na vilele huhama kwenye chaneli bila wewe kugusa kitu.

Rekebisha ukuzaji ili chaneli zote 1,024 zifike 3,000 keV. Kila chaneli itabeba karibu 2.93 keV, kilele cha sizi-137 kitakaa karibu na chaneli ya 226, na kilele cha potasiamu-40 karibu na chaneli ya 499. Sababu ya kwenda mbali hivyo ni kwamba ukutani na ardhini kuna thaliamu-208, zao la mwisho-mwisho la familia ya thoriamu, inayotoa mwale wa 2,614.5 keV. Mwale huo unakupa alama ya juu ya mizania bila kuhitaji chanzo chochote. Alama nyingine ni 662 ya sizi-137, pamoja na 1,173 na 1,332 za kobalti-60. Chora nishati dhidi ya chaneli, na utumie mlinganyo wa daraja la pili badala ya mstari mnyoofu, kwa kuwa mwanga wa iodidi ya sodiamu hauwiani kikamilifu na nishati.

Joto la chumba ni adui wa hatua hii. Kiyoyozi kinachozimwa jioni na kuwashwa asubuhi huhamisha vilele mara mbili kwa siku, na umeme ukikatika katikati ya kipimo cha usiku, utakuta asubuhi faili lenye vilele viwili mahali palipopaswa kuwa na kimoja. Weka betri ya akiba, acha kiyoyozi kwenye joto moja, na uhifadhi data katika vipande vya saa moja moja badala ya faili moja la saa 12, ili kipande kilichoharibika kiweze kutupwa bila kupoteza usiku mzima.

Hatua ya 3: Ijue mionzi ya mazingira

Ugumu wa kupima potasiamu-40 ni kwamba kila kilichokuzunguka kina potasiamu. Matofali yanayo, saruji inayo, kioo cha fotomaltiplaya kinaweza kuwa nayo, na wewe mwenyewe, ukiwa mtu mzima, unabeba mwilini gramu 140 hivi za potasiamu, zinazooza zaidi ya mara 4,000 kwa sekunde. Mstari utakaouona kabla ya kuweka sampuli ni uleule wa 1,461 keV unaoutafuta. Haiwezekani kuutofautisha kwa nishati. Unatofautishwa kwa kutoa tu, na kutoa huko kunapaswa kuwa kwa haki.

Zungushia kigunduzi risasi. Unene wa sentimita 5 hupitisha karibu asilimia 5 ya gama za nishati hii, na sentimita 10 hupitisha chini ya nusu ya asilimia moja. Usiache nyufa kati ya matofali ya risasi, na yapange kwa kupishana kama fundi anavyopanga ya ukuta.

Kisha andaa sampuli ya kulinganishia. Wengi hupima mazingira huku kigunduzi kikiwa kitupu, jambo ambalo si sahihi, kwa sababu sampuli yenyewe huzuia sehemu ya mionzi inayotoka nje na kutawanya nyingine. Njia bora ni kujaza chombo cha aina ileile kwa chumvi ya kawaida, kloridi ya sodiamu, kwa uzito uleule na kimo kilekile. Sodiamu ya asili haina isotopu inayooza, na chumvi hiyo huzuia gama karibu sawasawa na kloridi ya potasiamu. Chumvi ya dukani iliyotiwa madini joto inafaa, kwa kuwa iodati ya potasiamu inayotiwa humo ni makumi ya miligramu tu kwa kilo. Iepuke chumvi ya wagonjwa wa presha, kwani sehemu kubwa yake ni kloridi ya potasiamu yenyewe.

Radoni ndiyo mgeni asiyetarajiwa. Gesi hii hutoka ardhini na kujikusanya katika vyumba vilivyofungwa, kisha hupungua dirisha likifunguliwa, na bismuthi-214 inayozaliwa nayo ina mistari kadhaa inayozunguka 1,461 keV. Ukipima sampuli usiku, wakati radoni imejaa, na ukapima chumvi mchana, wakati dirisha liko wazi, tofauti utakayoipata haitakuwa ya potasiamu pekee. Dawa yake ni kupishanisha: saa mbili sampuli, saa mbili chumvi, kwa mzunguko huohuo hadi mwisho. Inachosha, na inamlazimu mtu aamke usiku, lakini sijaona njia nyingine inayoweza kuaminiwa katika chumba cha kawaida.

Hatua ya 4: Tayarisha kloridi ya potasiamu

Tumia kloridi ya potasiamu ya maabara yenye usafi wa asilimia 99.5 au zaidi. Mbolea ya MOP inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo ni kloridi ya potasiamu pia, na inafaa sana kwa mazoezi, ila rangi yake nyekundu inatokana na uchafu wa chuma, na kiasi halisi cha potasiamu hubadilika kati ya mfuko na mfuko. Kausha unga katika oveni ya maabara kwenye nyuzi 105 za Selsiasi kwa saa kadhaa, uache upoe ndani ya chombo kikavu chenye kifuniko, kisha pima gramu 50.00. Maji yaliyojificha ndani ya unga yana uzito, na kila asilimia yake inaingia moja kwa moja kwenye jibu lako.

Gramu 50 za kloridi ya potasiamu zina atomi za potasiamu-40 zipatazo 4.73 × 10¹⁹. Namba hii hupatikana kwa kugawanya 50 kwa 74.55, kuzidisha kwa namba ya Avogadro, kisha kuzidisha kwa 0.000117. Miminia unga kwenye kisahani cha plastiki chenye ukuta mwembamba, utikise taratibu hadi uso uwe sawa, na upime kimo chake kwa rula. Kimo cha sentimita moja kinafaa.

Hatua ya 5: Tafuta ufanisi, na usiharakishe

Ufanisi ni sehemu ya gama zilizotoka kwenye sampuli ambazo zimefika kwenye kristali na kuacha nishati yao yote ndani ya kilele. Kosa moja hurudiwa mara nyingi hapa: mtu huchukua sampuli ya potasiamu yenye unururifu uliokwisha andikwa, akaitumia kupata ufanisi, kisha akatumia ufanisi huo kupata nusu-uhai wa potasiamu-40. Unururifu ulioandikwa ulikokotolewa kwa kutumia nusu-uhai huohuo. Jibu litakuwa zuri sana, na halitakuwa limepima chochote.

Tumia isotopu nyingine. Weka sizi-137, sodiamu-22, kobalti-60 na, ukiipata, europiamu-152 yenye mwale wa 1,408 keV, kila moja mahali ambapo sampuli itakaa. Rekebisha unururifu wa kila chanzo kulingana na umri wake. Kobalti-60 ina nusu-uhai wa miaka 5.27, hivyo chanzo chenye cheti cha miaka mitano iliyopita kimebakiza karibu nusu tu ya kilichoandikwa. Chora ufanisi dhidi ya nishati kwenye karatasi ya logi kwa logi, upitishe mstari, na usome thamani yake kwenye 1,461 keV.

Kobalti-60 ina mtego wake. Hutoa gama mbili karibu kwa wakati mmoja, na chanzo kikikaa karibu mno na kristali, zote mbili huingia pamoja na kuhesabiwa kama mpigo mmoja wa 2,505 keV. Vilele vya 1,173 na 1,332 vitaonekana vidogo kuliko haki yake. Sodiamu-22 ina tatizo la namna hiyohiyo, na europiamu-152 pia. Potasiamu-40 hutoa gama moja tu na haina shida hii, kwa hiyo ukifanya kazi kwa kugusana na kristali, mstari wako wa ufanisi utakuwa chini na nusu-uhai wako utatoka mfupi. Iweke sampuli na vyanzo vyote umbali wa sentimita 10 kutoka kwenye uso wa kigunduzi. Utapoteza sehemu kubwa ya hesabu, lakini kosa hilo litapungua hadi kuwa dogo.

Vyanzo hivyo ni nukta, ilhali sampuli yako ni kisahani kipana. Chukua chanzo kimoja, ukihamishe kutoka katikati hadi ukingoni mwa kisahani kitupu kwa hatua za sentimita moja, chini na juu, na utafute wastani unaozingatia kwamba duara la nje lina eneo kubwa kuliko la ndani. Kisha punguza kidogo kwa ajili ya gama zinazonaswa na unga wenyewe. Kwa kimo cha sentimita moja cha unga wenye msongamano wa karibu gramu moja kwa kila sentimita ya ujazo, punguzo hilo ni takriban asilimia 2.5.

Hatua ya 6: Pima na kokotoa

Kilele cha 1,461 keV kitakuwa na upana wa 70 keV hivi, na upande wake wa kushoto utaona bonde, kisha mteremko unaoanzia 1,243 keV, ambako ndiko ukomo wa gama zilizotawanyika mara moja na kutoroka. Toa spektramu ya chumvi, yaani grafu ya idadi ya mipigo katika kila chaneli, kutoka kwenye spektramu ya sampuli, chaneli kwa chaneli, baada ya kusawazisha muda. Tumia muda hai unaoonyeshwa na kichanganuzi, yaani muda ambao kifaa kilikuwa tayari kupokea mipigo, usitumie muda wa saa ya ukutani. Eneo la kilele likokotolewe kwa namna ileile iliyotumika kwenye vilele vya ufanisi.

Tuseme ufanisi, baada ya marekebisho yote, ni asilimia 1.00, na umepata hesabu halisi 0.885 kwa sekunde. Gawanya kwa 0.0100, kisha kwa 0.1066, utapata atomi 830 zinazooza kila sekunde. Gawanya tena kwa 4.73 × 10¹⁹ upate uwezekano wa atomi moja kuoza kwa sekunde, ambao ni karibu 1.76 × 10⁻¹⁷. Logi asilia ya 2, yaani 0.693, ukiigawa kwa namba hiyo unapata sekunde 3.95 × 10¹⁶, ambazo ni miaka bilioni 1.25.

Mashaka ya jibu hilo yanafundisha kuliko jibu lenyewe. Ikiwa mazingira yana hesabu 0.5 kwa sekunde na umepima sampuli na chumvi saa 10 kila moja, mashaka ya takwimu ni kama asilimia 0.8. Cheti cha chanzo peke yake mara nyingi kina mashaka ya asilimia 3. Ukipima kwa wiki nzima badala ya saa 10, mashaka ya jumla hayatasogea kwa kiasi kinachoonekana. Wiki hiyo itumie kupata chanzo cha pili kutoka kwa mtengenezaji mwingine na kurudia hatua ya 5.

Isotopu zisizohitaji kisahani

Utaratibu huu hubadilika pale kristali yenyewe inapobeba isotopu. Kristali za lutetiamu zinazotumika kwenye mashine za PET, za kupiga picha za ndani ya mwili hospitalini, zina lutetiamu-176, ambayo ni asilimia 2.6 ya lutetiamu ya asili, na zile za bromidi ya lanthanamu zina lanthanamu-138 isiyofika hata asilimia 0.1. Hapo chembe za beta nazo huhesabiwa, na suala la umbali huondoka. Mwaka 2003 watafiti wa Orsay, Ufaransa, walitumia kristali ya bismuthi iliyopozwa karibu na sifuri kamili, wakipima joto na mwanga kwa pamoja, na kwa siku tano tu wakaona alfa 128 za bismuthi-209, isotopu iliyokuwa ikihesabiwa kuwa haiozi kabisa. Nusu-uhai wake ulitoka miaka 1.9 × 10¹⁹.

Hatua ya 7: Rudia kwa uzito tofauti

Kabla ya kuandika jibu kwenye ripoti, pima tena kwa gramu 20, 30 na 40 za unga uleule katika visahani vya umbo moja, kila kimoja na chumvi yake ya uzito huohuo, na kila kimoja kirekebishwe ufanisi kulingana na kimo chake. Chora hesabu zilizorekebishwa dhidi ya uzito. Mstari unapaswa kupita kwenye sifuri. Ukikata mhimili wa hesabu juu ya sifuri, mazingira hayajatolewa yote, na mara nyingi ni radoni au mtu aliyezoea kukaa karibu na meza wakati wa kipimo cha sampuli. Ukikata chini ya sifuri, kagua kama unga na chumvi vilikaa kwa kimo kimoja. Mstari ukianza mnyoofu kisha ukajipinda chini kwenye uzito mkubwa, punguzo la gama zinazonaswa na unga ni dogo kuliko inavyotakiwa, na hesabu ya ufanisi inabidi irudiwe kabla ya nusu-uhai kuandikwa.